Bastola moja ya shabaha na ya kulinda nyumba: uchukue kaliba ipi?

SWALI: Shikamoo. Nina duka la jumla la mawese na dagaa hapa Mwanga, Kigoma. Maombi yangu ya kumiliki bastola yamefika mahali pazuri na sasa natakiwa kuamua nichukue ipi. Nataka inifae kwa mambo mawili: kulenga shabaha siku za mapumziko, na kulinda nyumba. Muuzaji ananishauri kaliba, yaani saizi ya risasi, ya .45 kwa kuwa "inaangusha", shemeji anasema .357, na rafiki yangu wa Tabora anasema .22 inamtosha mwanamke. Halafu marehemu baba aliacha pakiti ya risasi imeandikwa "9 mm Kurz". Nataka kujua kama nitaweza kuzitumia. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vya ndani vimetengwa kwa mbao nyepesi, na watoto wanalala chumba cha pili.

JIBU: Marahaba dada. Chukua 9x19, ile inayoandikwa pia 9 mm Luger au 9 mm Parabellum, kwenye bastola ya ukubwa wa kati: gramu 700 hadi 900 ikiwa tupu, mtutu wa sentimita 10 hivi. Ukijaribu ukaona mikono yako haiwezi kabisa kuvuta slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, basi chukua rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya .38 Special yenye mtutu wa inchi nne. Nitakueleza sababu, na mambo ya kukagua kabla hujatoa pesa, maana leseni huandikwa kwa silaha fulani yenye namba yake, na kubadili mawazo baadaye ni kuanza safari upya.

Neno la muuzaji kwanza. Risasi ya .45 ina kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, cha gramu 14.9 na hutoka kwa mita 255 hivi kwa sekunde. Ya 9x19 ina gramu 8 na hutoka kwa mita 350. Piga hesabu ya nguvu zake, zote mbili zinakuja karibu jouli 480 hadi 490. Kipenyo nacho kinatofautiana milimita mbili na nusu tu. Hakuna bastola inayomsomba mtu na kumbwaga chini. Mvamizi husimama kwa moja ya sababu mbili: ameogopa na kukimbia, na hapo hata mlio tu unaweza kutosha, au risasi imefika ndani kwenye moyo, mishipa mikubwa, uti wa mgongo au ubongo. Kwa hiyo maswali ya maana ni mawili: risasi inazama vya kutosha? Na wewe unaweza kuipeleka mahali pake, ukarudia mara ya pili na ya tatu bila kupotea?

Kuhusu kuzama kuna kipimo kinachotumika sana duniani, cha FBI ya Marekani: risasi ipigwe kwenye jelatini ya asilimia 10 na izame kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 45. Kipimo hicho kina historia. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili. Risasi moja ya 9 mm ilimpata jambazi mmoja mkononi, ikapenya hadi kifuani na kukwama kabla haijafika moyoni. Akaendelea kupigana, na maofisa wawili wakauawa. Lawama ikaiangukia kaliba. FBI ikahamia 10 mm, kisha .40 S&W iliyotoka mwaka 1990, na katikati ya miaka ya 2010 ikarudi 9x19 ileile. Vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa, na maofisa wengi walikuwa wakipiga haraka na kwa usahihi zaidi wakiwa na 9 mm. Ukiambiwa .45 ndiyo dawa, kumbuka kwamba wenye mabavu, bajeti na viwanja vya mazoezi walizunguka miaka karibu thelathini na kurudi walikoanzia.

Sasa teke, yaani bastola inavyorudi mkononi ukipiga, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapodanganyika. Teke halitokani na kaliba peke yake. Linatokana na msukumo wa risasi ukigawanywa kwa uzito wa bastola. Risasi ya 9x19 ina msukumo wa kama 2.8 (gramu 8 kwa mita 350), na ya .38 Special yenye gramu 10.2 na mwendo wa mita 235 ina 2.4 hivi. Kwa karatasi, .38 ni laini zaidi. Lakini iweke hiyo .38 kwenye rivolva ndogo ya gramu 450, ile ya kuweka kwenye mkoba, na bastola inarudi mkononi kwa mwendo wa mita 5.3 kwa sekunde. 9x19 kwenye bastola ya gramu 850 inarudi kwa mita 3.3. Ndiyo maana rivolva ndogo, ambayo wauzaji huwapa akina mama kama hisani, huwa inauma kiganja mpaka mtu anaanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga. Akishazoea kufumba, shabaha zake zote zinaanguka chini, na kuiondoa tabia hiyo ni kazi ya miezi. Bastola nzito kidogo ni rafiki yako.

Hali kama hiyo iko kwa .380, ambayo ndiyo kaliba ya pakiti ya baba yako, na nguvu yake ni jouli 260 hadi 280 tu. Bastola nyingi za .380 hazina mtutu unaofunga na kufunguka. Slaidi inazuiwa na uzito wake na springi ngumu peke yake. Matokeo yake slaidi ni ngumu kuvuta kuliko ya 9x19, na teke ni kali kuliko ulivyotarajia kwa risasi ndogo. Mtu anadhani amechukua nyepesi, kumbe amechukua ngumu.

Hapo tunafika kwenye pakiti ya mzee. Neno "9 mm" pekee halitoshi, kwa sababu kuna angalau risasi tatu zinazoitwa hivyo, na hazibadilishani. Ya kwanza ni 9x17: hiyo ndiyo .380, na ndiyo iliyoandikwa "9 mm Kurz", "9 mm Short", "9 mm Corto" au "9 mm Browning Court". Ya pili ni 9x18 Makarov. Ya tatu ni 9x19. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Ukipima kwa venia, kile kipimo cha milimita chenye taya mbili, utapata takriban 17.3, 18.1 na 19.15. Makarov ina mtego mwingine: kichwa chake ni kinene, milimita 9.27, wakati zile nyingine mbili ni kama 9.01. Ukitia .380 kwenye bastola ya 9x19 inazama ndani ya chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, kupita mahali pake, kwa sababu ni ganda fupi na ni mdomo wa ganda unaotakiwa kugota. Mara nyingine haiwaki. Mara nyingine inashikwa na ndoano ya kutolea ganda na inawaka. Ganda linavimba au kupasuka na bastola inakwama. Basi risasi za mzee ni .380 na hazitaingia kazini kwenye bastola niliyokushauri. Tena, risasi za marehemu hazirithiwi kama shamba. Leseni ilikuwa ya kwake. Wapigie polisi simu kwanza uwaeleze, kisha uzikabidhi kwa maandishi wakikuelekeza namna. Usizichome, usizizike, usizitupe ziwani.

Unapokagua bastola, usisome pakiti wala usisikilize mdomo wa muuzaji. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu au kwenye dirisha la kutolea maganda. Halafu geuza risasi usome kitako cha ganda. Maandishi hayo mawili yafanane. Na kwa kuwa uko Kigoma, niseme wazi: Makarov, na Tokarev ya 7.62x25, zimezagaa katika vita vya nchi jirani, na mtu akikunong'oneza kwamba anayo "ya bei poa" hiyo ni silaha haramu. Itakupeleka jela hata kama maombi yako halali yalikuwa yamebakiza saini moja.

.22 Long Rifle, aliyoisema rafiki yako, ni ya tangu mwaka 1887 na bado ndiyo kaliba bora ya kujifunzia duniani. Kichwa cha gramu 2.6, mwendo wa mita 300 hivi, nguvu ya jouli 120 tu, teke karibu hamna, na risasi zake ni za bei ya chini kuliko zote. Kwa shabaha peke yake ningekuambia chukua hiyo bila kusita. Kwa kulinda nyumba inashindwa mahali pawili. Kuzama kwake kutoka mtutu mfupi hakuaminiki. Na baruti yake ya kuwashia haiko katikati ya kitako kwenye kifuko chake. Imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda wakati wa kutengenezwa, na pakiwa na sehemu ya ukingo isiyopata baruti ya kutosha, pini inagonga na risasi inagoma. Kwenye shabaha unacheka na kuendelea. Usiku mlangoni hiyo ni hatari. Haina uhusiano wowote na uanamke au uanaume. Ni muundo wa risasi yenyewe. Ukija kupata kibali cha silaha ya pili, hapo ndipo pake.

Shemeji hajakosea moja kwa moja. .357 Magnum, iliyotoka mwaka 1935, inatoa karibu jouli 780 kwa kichwa cha gramu 8.1. Ukiipiga ndani ya chumba usiku, mwanga wake unakupofusha kwa muda na mlio wake unaumiza masikio yako na ya watoto. Lakini rivolva ya .357 inapiga pia .38 Special, kwa kuwa kipenyo ni kimoja na ganda la .38 ni fupi: milimita 29.3 dhidi ya 32.8. Rivolva ya .357 yenye uzito wa karibu kilo moja, iliyojazwa .38, ni chombo cha upole sana na kinadumu. Kinyume chake hakikubaliki kamwe: usitafute njia ya kutia .357 kwenye rivolva ya .38. Na ukipiga .38 nyingi, masizi hujikusanya kwenye chemba za silinda, mbele ya mahali ganda fupi linapoishia. Sugua kwa brashi ya shaba, la sivyo siku utakayotia ganda refu litakwama njiani.

Kuhusu nyumba yako. Ukuta wa tofali la kuchoma uliojengwa vizuri kwa kawaida huzizuia kaliba hizi zote. Mbao zako za kutenganisha vyumba hazizuii hata moja, pamoja na .22. Mlango wa mbao, siling bodi na bati havizuii pia. Risasi ya 9x19 yenye kichwa kilichovikwa shaba chote hupita mwilini mwa mtu na kuendelea na safari. Zipo zenye tundu kichwani, ambazo hutanuka zikiingia na hivyo husimama mapema. Uliza polisi na muuzaji kama unaruhusiwa kuzinunua kwa leseni yako, na kama ndiyo, hizo ndizo za usiku. Lakini hata hizo, ukikosa shabaha, zitapita kwenye ubao. Kwa hiyo kabla ya kujadili kaliba, simama pale kitandani kwako mchana, nyoosha mkono mtupu kuelekea mlangoni, kisha jiulize nyuma ya mlango huo kuna nini. Kama ni kitanda cha watoto, hamisha kitanda cha watoto, au panga wewe uwafuate wao na mlinde mlango mmoja mkiwa pamoja. Hakuna kaliba inayotatua jambo hilo. Sheria nayo, kifungu cha 18 hadi 18C cha Kanuni ya Adhabu, inakuruhusu kujilinda kwa nguvu ya kadiri inayohitajika na si zaidi. Jambazi aliyekwisha kukimbia na kukupa mgongo si shabaha.

Kabla ya kulipa, omba ujaribu mbele ya mkufunzi au muuzaji mwenye leseni. Mkono kwanza. Bastola ikiwa tupu na umehakiki mwenyewe, ishike kwa mkono wenye nguvu, mtutu ukiwa sambamba na mfupa wa mkono wako. Kipande cha juu cha kidole cha shahada kifike kwenye triga bila wewe kuzungusha kiganja. Kisha slaidi. Wengi wanashindwa kwa sababu wanaibana kwa vidole viwili kama wanafungua soda. Weka kiganja kizima juu yake, vidole vyote vinne upande mmoja, iweke bastola karibu na kifua huku mtutu ukielekea salama mbele, na usivute: sukuma kitako mbele kwa nguvu na mkono mwingine ushike tu. Fanya mara kumi. Wanawake wengi walioambiwa "hii ngumu kwako" wanaiweza kwa njia hiyo. Ukishindwa baada ya kujaribu hivyo, rivolva.

Kisha piga. Duara la sentimita 15 kwenye karatasi, mita saba, risasi tano ndani ya sekunde tano, ukiwa na kinga ya masikio na ya macho. Mlio wa bastola unavuka desibeli 140 na madhara yake kwa masikio hayarudi nyuma. Ukiingiza zote tano kwa 9x19, kaliba hiyo ni yako. Ukiingiza mbili tu kwa .45 na tano kwa 9x19, umeshapata jibu ambalo muuzaji hakukupa. Ukiona ganda limesimama wima limebanwa kwenye dirisha, mara nyingi kosa ni kiwiko na kifundo kilicholegea: bastola yote inarudi nyuma pamoja na slaidi, na slaidi haimalizi safari yake. Kaza kifundo, rudia. Likiendelea na mkufunzi naye akalipata, basi ni bastola au risasi.

Upatikanaji ni sababu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kigoma ni mbali na maduka makubwa ya silaha, na kaliba ya ajabu itakuacha na chuma cha kupambia sefu. Muulize muuzaji swali moja la wazi: ndani ya mwaka uliopita, kaliba hii iliwahi kukuishia, na kwa muda gani? Kwa 9x19 jibu huwa zuri kuliko kwa nyingine, kwa kuwa ndiyo inayotengenezwa na viwanda vingi zaidi duniani. Kwa .32, yaani 7.65 ya mwaka 1899, utasubiri. Kwenye pakiti uzito umeandikwa "gr": 115 ni gramu 7.5, 124 ni gramu 8, na 147 ni gramu 9.5. Anza na 124. Epuka zilizoandikwa +P, yaani za presha kubwa, mpaka kitabu cha bastola yako kiseme inazikubali. Chagua aina moja, pima kama bastola inaimeza bila kukwama kwa risasi 50 za mwanzo, na ubaki nayo.

Leseni inakuwekea kikomo cha risasi, hivyo mazoezi mengi yatakuwa makavu, yaani bila risasi: bastola tupu, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine, dakika kumi mara tatu kwa wiki, ukivuta triga bila alama ya mbele kutikisika. Risasi 25 halisi kwa mwezi juu ya hayo zinatosha kukuweka sawa. Uzipige mahali ambapo polisi wa wilaya wamekuambia panaruhusiwa. Usibebe bastola kwenda "porini kidogo" nje ya mji: kule kuna hifadhi, na kukutwa na silaha ndani yake bila kibali ni kesi ya ujangili kabla hujaeleza kuwa ulikuwa unalenga kopo. Risasi ikigoma, subiri sekunde 30 mtutu ukielekea shabaha, ndipo uitoe. Ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, acha kabisa: huenda kichwa kimekwama mtutuni, na ya pili nyuma yake itapasua mtutu.

Unyevu wa ziwa hauna huruma na chuma. Futa bastola kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila ukiishika, na wakati wa mvua angalia ndani ya mtutu kila wiki. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inanyonya unyevu na kuacha kutu kwenye chuma na ukijani kwenye maganda. Sefu ndogo iliyofungwa kwa bolti ukutani, funguo usizitundike. Risasi zenyewe usizipake mafuta hata kidogo, maana yanapenya kwenye fataki, kile kifuko cha kuwashia kilicho kwenye kitako cha ganda, na kuiua. Na kama kila asubuhi unaitoa risasi kwenye chemba na jioni unairudisha ileile, kichwa kinasukumwa taratibu ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua na presha inapanda. Weka risasi mpya kando ya hiyo unayozungusha, zisimamishe mezani, tazama vichwa. Urefu wote wa 9x19 hauzidi milimita 29.69, na nyingi ziko chini kidogo; ukiona yako imefupika kuliko mwenzake, hata kwa milimita moja, itenge na umrudishie muuzaji mwenye leseni aiharibu. Usiipige hata kwenye shabaha.